Benchi la Mzazi

Jumatano, 2 Aprili

Rukaiya kaniachia daftari hili juzi alipokuja kula Idi. Kasema, "Mama, simu zako zimezidi. Ile siku nimelala kliniki napimwa tumbo, simu inaita, nesi anauliza ni nani, nasema ni mama. Wasiwasi ukikushika andika humu. Nikija nitasoma." Nikamwambia mie na kalamu tuliachana darasa la tano. Akasema kalamu haina kinyongo.

Basi naandika. Mvua imeanza leo alfajiri na haijapumzika. Mimba ya Rukaiya imeingia mwezi wa tisa. Ni ya kwanza, na kwetu mimba ya kwanza binti anarudi kwa mama yake. Anajifungulia kwao, anakandwa maji ya moto mpaka arobaini itimie, ndipo anarudi kwa mumewe. Mie nilikandwa na mama, mama alikandwa na bibi. Mikono yangu inamsubiri.

Jumamosi, 5 Aprili

Kapiga simu Bi Zubeda. Huyu ndiye mkwe wangu, mama yake Anwar mume wa Rukaiya, anakaa Kibamba kwenye nyumba yenye marumaru mpaka jikoni. Rukaiya na mumewe wanaishi naye. Anaongea polepole, kila neno analiweka chini kama sahani.

"Shikamoo Bi Zubeda."

"Marahaba Mwajabu. Nasikia Mbagala maji yameshaingia majumbani."

"Kwetu yamechungulia tu."

"Mwaka jana nilikuja kwenu msimu kama huu. Nilikaa kwenye mkeka wako, nikaondoka gauni limelowa mpaka kiunoni. Mzazi utamkalisha wapi?"

Makochi yetu yalioza mafuriko ya mwaka juzi, tukayatupa. Tangu hapo mgeni akija anakaa mkekani, na sie tuko bondeni, mvua kubwa ikipiga maji yanapita mlangoni bila hodi.

"Mila siikatai," akasema. "Lakini mzazi hakai kwenye maji. Nitamleta mwenyewe. Nikikuta pa kukaa palipoinuka, pakavu, pa kumbeba yeye na mtoto na anayemkanda, nitamwacha. Nisipopakuta, narudi naye Kibamba, nitamkanda mie."

Akakata. Mchicha wangu ukaungua jikoni nikiuangalia.

Jumatatu, 7 Aprili

Kazini leo. Namfanyia usafi Rubabbai, Muhindi wa Kipawa, yeye na mumewe Alibhai. Duka lao la madaftari wanalihamisha, wanavunja mashelfu ya zamani. Limebaki moja refu jembamba limeegemezwa ukutani. Nililitazama kwa muda mrefu nikiwa na fagio mkononi. Nikaliona akilini limelala chini.

"Rubabbai, hilo naliomba."

"La nini, Mwajabu? Una vitabu?"

"Nataka kulikalia."

Alibhai akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Shelfu la kukalia! Chukua, chukua. Likikuangusha usije kunishtaki."

Jumanne, 8 Aprili

Marijani kalileta shelfu juu ya bajaji yake, limefungwa kamba, limetokeza mbele na nyuma. Anasema pale Buza watu walisimama kando wakidhani kabeba maiti, mzee mmoja akavua kofia. "Nikamwitikia kwa kichwa," anasema mume wangu. "Ningefanyaje?"

Jumatano, 9 Aprili

Nimelilaza kwa ubavu sebuleni. Ukililaza hivyo ubavu wake mrefu unakuwa kikalio, na vile vibao vya kuwekea madaftari vinasimama wima chini yake kama miguu. Nikilala juu yake linanienea mpaka visigino. Nikasema Mungu mkubwa, benchi hilo hapo.

Nikakaa. Likalia kra, vibao vikalala kimoja kimoja kama watu wanaosukumana kwenye foleni, nikajikuta nimeketi sakafuni. Kumbe vile vibao havikupigiliwa. Vimeegeshwa tu juu ya vijiti vidogo vya plastiki.

Marijani akachungulia mlangoni. "Mama Ruki, benchi limekukataa."

"Halijanijua bado," nikamwambia.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekwenda kwa fundi Revelian, kijana wa Bukoba mwenye karakana pale juu karibu na lami. Kaja kuangalia, kagonga kwa vidole, kanusa, kaguna.

"Mama, hii siyo mbao. Ni vumbi la mbao limegandishwa kwa gundi. Tunaita chipubodi. Imezaliwa kubeba madaftari."

"Nataka ibebe watu."

"Watu gani?"

Kukandwa ni mambo ya wanawake. Mzazi anakaa na khanga moja, unambana tumbo na kiuno kwa kitambaa cha moto, unammwagia mgongo. Hata mume wangu akisikia sufuria inachemka anachukua kofia anatoka. Nitamwambiaje kijana wa watu?

"Wageni tu," nikasema. "Wanakaa, wanakunywa chai, wanaondoka."

"Wageni wazito?"

"Mkwe wangu."

"Mzito au mnene?"

"Vyote."

Akacheka, akachukua mkaa akanichorea ukutani. Skrubu haishiki kwenye vumbi, akasema, kwa hiyo usilitegemee shelfu. Litie mifupa ndani. Mbao za inchi mbili kwa mbili, moja mbele moja nyuma, zipite chini ya kikalio kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kila kibao kilichosimama kipate nguzo yake pembeni, mbao ipigiliwe kwenye mbao. Ule ubao mwembamba wa mgongoni upigiliwe misumari pande zote, maana huo ndio unaozuia benchi lisiyumbe. Halafu lote lipande juu ya matofali.

"Ningekufanyia, mama, lakini nina madawati ya shule mpaka shingoni. Chukua msumeno na nyundo. Msumeno nirudishie na meno yake yote."

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua kutwa. Nimempigia Rukaiya mara moja tu.

Jumapili, 13 Aprili

Jovina jirani yangu katoka kanisani, kavua viatu vya Jumapili ya Matawi, kaja kunishikia mbao. Huyu tunaishi ukuta kwa ukuta, anakaanga vitumbua, ni mwanamke wa mwili hasa. Mie napiga, yeye anashika.

"Mwajabu, unapiga msumari au unapiga kidole changu?"

"Kidole kinakuja kwenye msumari."

Mbao ya kwanza niliikata fupi. Ya pili nikaipima kwa kamba mara mbili, nikapiga bismillahi, ikaingia kama imeitwa. Mbao ya nyuma ikaniliza, msumari ulipinda, nikaung'oa, ukapinda tena. Mkono umetoka malengelenge. Nilisema moyoni, mwanangu hatakandwa na mwingine na mie nimo duniani, nikaunyoosha msumari juu ya jiwe nikaupiga tena.

Adhuhuri likasimama. Juu ya matofali. Jovina akakaa taratibu, kope kazifumba. Kimya. Akajirusha. Kimya. Akasema, "Hata padri akija na kwaya yake, watakaa."

Jumanne, 15 Aprili

Nimelipaka rangi ya mafuta ya buluu iliyobaki kwa Jovina. Haikutosha upande wa chini.

Ijumaa, 18 Aprili

Wamekuja. Anwar kapaki gari juu kwa sababu ya matope, wakateremka kwa miguu, Bi Zubeda mbele na mwavuli, Rukaiya katikati, Anwar nyuma kabeba mabegi. Nilikuwa nimefagia tangu alfajiri na bado nikaona uchafu kila mahali.

Bi Zubeda hakukaa. Kwanza kalizunguka benchi. Kabonyeza kona. Kainama kwa tabu, kachungulia chini, kaona matofali, kaona mbao. Kisha akaketi katikati, akapandisha miguu, akatulia kama anayesikiliza.

"Nani kalitengeneza?"

"Mie."

"Wewe mwenyewe?"

"Na Jovina kashika."

Alinitazama kama mtu aliyekuta kitu asichokitafuta. "Haya," akasema. "Anabaki." Marijani kule nje akapiga honi ya bajaji. Sijui kamsikia vipi.

Jumanne, 22 Aprili

Rukaiya kiuno kinamuuma. Sijalala. Sitaki kuandika.

Jumatano, 23 Aprili

Mtoto wa kiume! Saa tano asubuhi, hospitali, salama. Rukaiya kashonwa kidogo lakini mzima. Kanishika mkono akasema, "Mama, ungeniambia inauma hivi nisingekuja duniani." Nesi kacheka. Mie nikalia mpaka nikaambiwa nitoke nje.

Alhamisi, 24 Aprili

Tuko nyumbani. Uji wa pilipili manga, mchuzi wa samaki, maji ya moto asubuhi na jioni. Rukaiya anakaa kwenye benchi, ndoo pembeni yangu, mtoto kalazwa upande mwingine kwenye mto. Maji yanapita chini ya matofali, sie juu tunachekeana. Kila nikimbana kiuno anasema oyooo. Leo nimefurahi, wacha niandike tu hivyo: nimefurahi.

Jumatano, 30 Aprili

Saba ya mtoto. Kaitwa Suhaib. Wageni walijaa, benchi likabeba wanawake wanne kwa mpigo. Bi Zubeda kalisifia mbele za watu. Kasema, "Mkwe wangu fundi." Nimelala na neno hilo.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Nguo za mtoto hazikauki, nazikausha juu ya jiko la mkaa.

Jumanne, 6 Mei

Pale anapokaa Rukaiya rangi imepasuka. Nimebonyeza kwa kidole gumba, kikaingia kama kwenye ubwabwa. Ubao umevimba, kingo zimefumuka, zinatoa unga. Nimetandika khanga iliyokunjwa mara mbili. Sijamwambia mtu. Labda ni juu juu tu. Chini kuna mbao.

Jumatano, 7 Mei

Nimemsogeza Rukaiya akae upande wa pili. Kauliza kwa nini. Nimesema huku kuna hewa.

Alhamisi, 8 Mei

Nitaandika yote, mwanangu, utasoma.

Bi Zubeda alikuja asubuhi na supu ya kuku kwenye chupa ya chai. Maji yalikuwa yameingia ndani usiku, yamefika kifundo cha mguu. Akapanda kwenye benchi, akakaa mwisho kabisa, akampakata Suhaib. Nikasema nikukande maji yasije yakapoa, na bibi yake yupo kumshika mtoto. Ukakaa katikati. Nikachovya kitambaa, nikakubana tumbo, nikakumwagia mgongo. Ulikuwa unamsimulia bibi jinsi mtoto anavyopiga chafya.

Sikusikia mlio wowote. Lile shelfu halikuvunjika kama mbao inavyovunjika. Lilimeguka. Kikalio kilizama katikati kama mkate uliochovywa kwenye chai, mbao ya mbele ikaachia na misumari yote ikatoka na vipande vya unga, na wewe ukateleza ukaanguka ubavu, kwenye maji. Ukapiga yowe ambalo hata hospitali hukulipiga.

Bi Zubeda alikuwa ameshasimama kabla yangu. Mwanamke yule mzito, na magoti yake yale mabovu, alisimama na mtoto juu ya kifua hata khanga ya mtoto haikulowa. Mie nilikuwa nimeganda na kopo mkononi.

Marijani katupeleka zahanati na bajaji. Nesi akakuangalia, akasema mshono mmoja umetoa damu kidogo, haujafumuka, upumzike, ukae pakavu. Pakavu. Alilisema neno hilo bila kunitazama na bado nikaona ni mie naambiwa.

Tuliporudi Bi Zubeda hakupiga kelele. Ningeomba apige. Alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli.

"Nilikuuliza, Mwajabu. Nilikuuliza pa kumkalisha."

"Ndiyo, Bi Zubeda."

"Ulijua limeoza?"

Nikaangalia ile khanga iliyokunjwa, inaelea. Akaiangalia pia.

"Jumamosi nakuja na gari. Namchukua. Usije ukanikasirikia."

Nilipokufunika chumbani ulinishika mkono ukasema, "Mama, mie sitaki kwenda." Kisha ukasema, "Lakini sitaki kuanguka tena." Nimekaa na maneno hayo mawili kutwa. Yote ni ya kweli, na mtu wa kuyafanya yakae pamoja ni mie.

Ijumaa, 9 Mei

Asubuhi nimepanda kwa Revelian kwenye mvua. Kanikuta nimesimama kati ya madawati, nachuruzika maji.

"Fundi, nilikuficha."

"Nini tena, mama? Msumeno?"

"Benchi siyo la wageni. Ni la kumkanda mwanangu. Kajifungua. Nammwagia maji ya moto pale juu, asubuhi na jioni."

Aliinamisha macho akawa anakwangua gundi kwenye kidole. Masikio yake yalikuwa mekundu, kijana mweusi vile. Nami nilitamani maji yanibebe. Lakini nimeshasema, na baada ya kulisema nikaona halikuua mtu.

"Maji," akasema. "Ya moto. Kila siku. Juu ya chipubodi. Mama, mbona hukusema? Sie kwetu dada zangu wote wamekandwa na mama, maji nilikuwa nachota mie."

"Kwetu wanaume hawaambiwi."

"Basi mbao nazo haziambiwi, zinaoza kimya kimya." Akacheka, nikacheka na mie.

Nikamweleza lilivyomeguka, akaniambia ile mifupa iache, mifupa ni mizima. Kilichokufa ni nyama. Ng'oa ubao wote wa juu, hata ule unaoonekana mzuri, na ubao wa chini unaokunywa maji nao utoke, nguzo zikae zenyewe juu ya matofali. Juu weka mbao halisi, nyembamba, zimelala moja baada ya nyingine, katikati acha nafasi ya kupita kidole. Maji yamwagike yaende zake, yasipate pa kukaa. Na misumari yote iume mbao kwa mbao.

"Nipe mbao hizo."

"Sina, mama. Zote nimeshakata za madawati, wanachukua leo. Na za dukani zimelowa, zitapinda. Nyumbani huna mbao ngumu, kavu, ya zamani?"

Nilishuka nakimbia. Nilipofika nikainua godoro langu.

Chaga za kitanda chetu ni za mti mgumu, alitoa baba yangu nilipoolewa. Nilizing'oa nusu. Marijani akarudi kula mchana akanikuta na nyundo juu ya kitanda.

"Mama Ruki! Sie tutalala wapi?"

"Kwenye zilizobaki."

"Zilizobaki ni za kichwani tu."

"Basi miguu itajijua."

Nilidhani atatania mpaka jioni, maana ndivyo alivyo. Hakutania tena. Aliiweka sahani chini, akachukua msumeno, akauliza, "Nikate urefu gani?" Na mgongo wake ule unaomsumbua, alikata zote akiwa amepiga magoti kwenye maji. Mie nikapigilia. Nafasi ya kidole, chaga, nafasi ya kidole, chaga. Jovina akaja, akapitisha kidole chake, akasema kipimo kitumike cha kidole changu, chake kitapitisha mtoto.

Likakamilika alasiri. Jovina akataka kukaa kama mara ile. Nikamzuia.

"Safari hii siyo wewe kwanza."

Nikachemsha sufuria kubwa, nikalimwagia benchi. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, maji yanayofuka moshi. Yalipita kwenye nafasi yakaanguka chini, chururuu, chaga zikabaki zinang'aa. Nikapitisha kiganja, nikapitisha kitambaa, zikakauka. Nikamwaga tena. Ndipo nikamwambia Jovina, haya, kaa. Akakaa, akajirusha, akaruka, akasema imetosha Mwajabu, mie si gunia.

Rukaiya alikuwa mlangoni pa chumba, amejishika ukuta. Sikumwita. Alikuja mwenyewe, akaweka mkono kwanza, akabonyeza. Kisha akakaa pembeni, nusu tako. Akakaa hivyo kwa muda. Kisha akakaa lote.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua kama ya leo haijawahi kunyesha tangu msimu uanze. Nilisema moyoni labda hawatakuja. Saa nne nikaona mwavuli unateremka.

Bi Zubeda aliingia amelowa mpaka magotini, Anwar nyuma yake. Maji ndani yalikuwa yamefika juu ya kifundo. Shikamoo yangu akaiitikia, akauliza, "Mizigo iko tayari?"

"Iko tayari." Na ilikuwa tayari kweli, niliifunga mie mwenyewe. Sikutaka aseme nimembania. "Lakini mzazi hajakandwa asubuhi hii. Nimkande, kisha mtaondoka."

"Wapi? Kwenye lile?"

"Kaa uone, Bi Zubeda. Mtoto umshike wewe."

Alisita. Maji yalikuwa yanampitia miguuni, mahali pengine pa kukaa hapakuwepo. Anwar akachukua kofia yake akatoka barazani bila kuambiwa. Bi Zubeda akapanda, akaweka mgongo ukutani, akampakata Suhaib. Rukaiya akakaa katikati, palepale alipoanguka. Alinitazama. Nikamtazama. Nikachovya kitambaa.

Nilimkanda kama nilivyokandwa. Tumbo, ubavu, kiuno, nikashuka mapajani, nikapanda mgongoni. Maji yakamwagika, yakapita, yakaanguka. Sikuharakisha. Nilisema, kama ni mara ya mwisho, iwe kamili. Nilipomaliza nikampangusa, nikamfunga mkaja tumboni, nikamfunika. Bi Zubeda alikuwa ameupeleka mkono chini ya kikalio, anapapasa. Akautoa. Akautazama mkono wake.

"Hizi chaga."

"Za kitanda changu."

Nje Anwar alikuwa anapiga chafya. Mtoto akaamka, akapewa titi. Tukakaa watatu tumepandisha miguu, maji chini yetu yanazunguka na kandambili moja ya Marijani.

Ndipo akaongea, na sauti haikuwa ile ya kuweka sahani.

"Anwar alikuwa na dada yake. Mwanaidi. Kajifungua masika, kwa mumewe, chumba kinavuja. Mie nilikuwa na kazi zangu, nikasema nitakwenda wiki ijayo. Baridi ikamuingia, homa, siku chache tu." Akampangusa Suhaib maziwa kidevuni. "Toka hapo nikisikia mvua na mzazi, sina akili, Mwajabu. Usidhani ni marumaru."

Wiki zote hizi nimemwandika humu na kumuwaza kama mwanamke wa marumaru. Nilimshika goti tu, goti limevimba, la moto, chini ya gauni lililolowa.

"Limekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu tuanze kupanda na kushuka bonde lenu."

Anwar akachungulia. "Mama, maji yanapanda barabarani. Tuondoke sasa, la sivyo gari litabaki. Nibebe mabegi?"

Rukaiya aliacha kumtikisa mtoto. Mie nilikuwa bado nimeshika goti.

"Mabegi ya nani?" Bi Zubeda akasema.

"Ya Rukaiya. Si umesema..."

"Rudisha chumbani. Na wewe nenda, kalitoe gari lako huko. Mie utakuja kunichukua mvua ikikatika."

"Leo haikatiki, mama."

"Kwani hapa nimesimama?"

Anwar akamtazama mkewe, Rukaiya akageuza uso ukutani ili asionekane anacheka. Mabegi yakarudi chumbani. Bi Zubeda akasogea kidogo, akanyoosha miguu yote miwili juu ya chaga, akapandisha gauni mpaka magotini.

"Mkwe," akaniambia, "hayo maji yamebaki ya moto?"

Nikamwambia yamepoa, asubiri. Nikashuka kwenye maji, nikaenda kuongeza mkaa.